Zamu ya Yadira

Kila Jumamosi Yadira Orozco alirudi kutoka chuoni, akavaa glovu, akasimama kando ya mama yake katika kiwanda cha kupakia matofaa, bondeni Yakima, ugenini kwenye mashamba ya matunda. Matofaa yalipita kwenye mkanda bila kukoma. Ikifika jioni, miguu imekufa ganzi.

Jumamosi moja, wakila maharage na tortilla, chapati za mahindi, alimwambia mama yake kwamba anaacha uhandisi. Amefeli mtihani wa hesabu. Darasani Mmeksiko ni yeye peke yake. Maabarani nako, wenzake hushika vyombo, yeye hupewa kalamu aandike majibu.

Mama yake, Eulalia, alisugua kiwiko.

"Mambo hayo siyajui, mwanangu," alisema. "Yakikushinda, acha. Lakini usiache kwa sababu ya uchovu. Mimi nimechoka tangu hujazaliwa."

Kisha akaenda kumwita jirani yao Nereida, mhandisi wa mifereji ya mashamba. Nereida alikuja na matope miguuni, naye hoi vilevile. Alimsikiliza Yadira mpaka mwisho, ndipo akamuuliza husoma na nani.

"Peke yangu."

"Ukikwama, humwendei mwalimu?"

"Naona haya. Ataniona mjinga."

"Wenzako wanamwendea kila wiki. Ana saa zake za kusaidia wanafunzi. Ni kazi yake, si hisani. Tena chuoni kuna chama cha wanafunzi wa uhandisi, Wameksiko wenzetu. Watafute, msome pamoja. Na hiyo kalamu, mdogo wangu, mpe mwingine. Uhandisi huingia kwa mikono."

Jumatatu Yadira alisimama mlangoni kwa mwalimu, nusura ageuke. Aligonga. Mwalimu akamwonyesha chanzo cha makosa yake: somo moja la sekondari ambalo shule yake haikulifundisha. Alianza kulisoma na wenzake wa chama, taratibu, macho mazito kwa usingizi. Maabarani, alisema kwa sauti ya chini, "Leo zamu yangu." Wenzake walitazamana, wakampa chombo cha kupimia.

Mtihani uliofuata alifaulu, ingawa si kwa alama za kuringia. Nereida akamwelekeza jinsi ya kuomba mafunzo ya kazi yenye mshahara, na kiangazi kile akapokewa kazini kwenye mifereji ya mashamba. Mama alibaki kiwandani.

"Kazini wananiuliza mwanangu anafanya nini," alisema Eulalia jioni moja. "Niwajibuje?"

Yadira alikuwa akinawa mikono. Alifikiri kidogo.

"Waambie ni mhandisi. Bado anasoma."