Swichi ya Pili

Fundi Mbwana alilala chali kwenye ujia wa ghala la samaki, koleo bado mkononi, ngazi yake ya chuma imemwangukia miguuni. Juu, mahali pa taa, nyaya mbili zilining'inia uchi. Ilikuwa saa nne asubuhi, Kismayo, mwaka 1976, na wafanyakazi walijazana mlangoni wakinong'ona. Umbea hauna matanga.

Inspekta Badi alichuchumaa. Vidole vya kulia vilikuwa vimeungua. Sakafu ilikuwa imelowa maji ya barafu.

"Nani alikuwa kwenye swichi?"

"Mimi," alijibu Gharibu, fundi mwenza wa marehemu, mtu wa kisiwa cha Chovae. Mikono yake ilikwisha tiwa pingu.

"Ukaiwasha."

"Sikuiwasha, bwana Inspekta. Kofia yake ile pale. Kofia ya mchu haiguswi," alisema, akilitamka 'mtu' kwa lafudhi ya visiwani.

Kweli kofia ilikuwepo, imevishwa juu ya swichi ya mlangoni. Mafundi wa ghala lile hawakutoa fyuzi hata siku moja, kwa sababu fyuzi hiyo hiyo ililisha mashine ya barafu, na mashine ikizimwa samaki huoza. Fundi alizima swichi, akaivika kofia yake, akapanda ngazi. Kofia ndiyo iliyokuwa mlinzi wake, na kwa miaka mingi ilitosha.

"Jana mligombana."

"Tuligombana. Nilimwambia aitazame ramani kabla hajagusa waya. Akasema ramani ni ya wasiojua kazi."

Koplo Abdulqadir alimvuta Badi kando. Mkuu wa kituo alikwisha amua: Gharibu apelekwe Mogadishu kwa gari la alasiri, shitaka la kuua kwa kukusudia. Huko watu wa shitaka hilo walipigwa risasi, na Gharibu alikuwa na watoto watano.

"Kesi imekwisha, Inspekta. Swichi ni moja, na aliyesimama hapo ni mmoja."

"Nionyeshe hiyo ramani," alisema Badi.

Ramani ya umeme ilibandikwa ukutani ofisini, na meneja alikiri kwamba hakumbuki mara ya mwisho kuitazama. Badi hakuwa fundi. Alizaliwa kisiwani Kudhaa, ambako taa ilikuwa karabai na ramani ilikuwa kichwani mwa nahodha. Lakini pembeni mwa karatasi palikuwa na orodha ya alama, kila alama na maelezo yake, yaliyoongezwa baadaye kwa Kisomali. Akaanza na ya kwanza, pole pole, maana mwenda pole hajikwai.

Duara lenye msalaba ndani: taa. Kiduara chenye mguu mmoja: swichi ya kawaida. Kiduara chenye miguu miwili: swichi ya njia mbili, taa moja kuwashwa na kuzimwa kutoka mahali pawili.

Akatafuta ujia. Mlangoni, kiduara kilikuwa na miguu miwili.

Alifuata mstari kwa kidole hadi mwisho wa ujia. Hapo palikuwa na kiduara kingine, miguu miwili vile vile.

"Mwisho wa ujia pana nini?"

"Ukuta wa mbao," alisema meneja. "Tulikata kipande tukafanya stoo ya mifagio na sabuni. Zamani, kabla Mbwana hajaja kufanya kazi hapa."

Stoo ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Ndani, rafu ya sabuni ilikuwa imesogezwa shubiri moja kutoka ukutani, na mikwaruzo ya sakafuni ilikuwa mipya. Badi alipenyeza tochi nyuma yake. Swichi ilikuwepo, vumbi limeifunika yote, ila katikati palikuwa na alama ya kidole kimoja. Pembeni, ufa wa mbao ulionyesha ujia wote.

Alinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole, akainua alama ile kwa utepe. Kisha akafungisha balbu ya majaribio kwenye zile nyaya na kumsimamisha Abdulqadir mlangoni.

"Usiiguse hiyo kofia," alisema, akabonyeza.

Balbu ikawaka. Kofia haikutikisika.

Gharibu aliketi sakafuni, akalia mbele za watu bila haya.

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Mimi," alisema meneja, jasho likimtoka. "Lakini asubuhi nilikuwa bandarini, na watu kumi walinishuhudia. Wa pili anao mama Mwanapili, mfagiaji. Ila yeye hana habari ya umeme wala ramani."

Badi alirudi ofisini. Alitaka kuona kama kuna mtu aliyeichunguza ile swichi ya pili kwenye ramani. Karatasi pale ilikuwa safi. Lakini mahali pengine kabisa, palipochorwa chumba cha kuoshea samaki, ilikuwa imechakaa kwa kupapaswa, karibu itoboke. Hapo palichorwa duara lenye msalaba, na duara la pili likilizunguka. Orodha ilisema: taa isiyoingia maji.

Akaenda chumba cha kuoshea. Darini ilining'inia balbu tupu, ya kawaida, inayotiririka matone.

"Kuna mtu aliyeumia hapa?"

Abdulqadir aliinamisha kichwa. "Mwaka jana. Msichana alishika mlango wa chuma, waya wa taa hii ulioloa maji ulikuwa umeugusa, akafa. Alikuwa binti wa Mwanapili. Tuliandika ajali."

Sahihi iliyo chini ya taarifa ile ilikuwa ya Badi, naye hakuwahi kukanyaga hapa.

Mwanapili alikuwa ameketi juu ya kasha, mikono mapajani.

"Ulijifunza wapi kusoma, mama?"

"Hapa hapa. Serikali ilipoleta kampeni ya kusoma, tulifundishwa baada ya kazi. Kila nilipofagia ofisi nilijaribu kusoma kilicho ukutani."

"Ukasoma duara la pili."

"Mwaka mzima niliambiwa ni amri ya Mungu, nikashukuru. Kisha nikajua kusoma." Alielekeza kidole ofisini. "Nilimwuliza Mbwana, maana ndiye aliyeifunga balbu ile, kwa nini chumba cha maji hakina taa ya maji? Akacheka. Akaniambia, mama, wewe fagia."

"Na leo?"

"Swichi ya stoo nayo niliisoma pale ukutani. Nilimwona kwenye ufa, ameshika waya. Nikabonyeza. Alipoanguka nikabonyeza tena. Sikutetemeka. Sasa ndiyo natetemeka."

"Gharibu angekufa kwa ajili yako."

"Nilijua mtaandika ajali, mwanangu. Ndiyo kazi yenu."

Badi alimfungua Gharibu pingu kwa mkono wake, akaandika maelezo ya Mwanapili, akamsogezea kidau cha wino atie dole gumba.

Mama akakisukuma kando. Alichukua karatasi, akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikitangulia na midomo ikichezacheza. Gari la alasiri lilikuwa linanguruma nje. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Karibu na mwisho kidole kilisimama.

"Hapa umeandika 'binti yake'," alisema. "Ana jina. Andika Hafswa."

Badi alilikata neno lile, akaandika Hafswa, na mama akaomba kalamu.