Flashi Nyekundu ya Yunisi

Upepo wa Singida hauna adabu. Siku ile stendi ya mabasi uliwanyonyoa kuku wakiwa hai, ukamvua Yunisi mtandio wake wa zambarau, ukaenda kumfunika nao kijana aliyebeba kompyuta kuukuu kichwani, imefungwa kitenge kama mgonjwa.

"Nani kazima umeme?" kijana akauliza.

Yunisi akacheka mpaka mbavu zikamuuma. "Samahani kaka. Nirudishie mtandio wangu."

"Njoo uuchukue, mikono yangu ina mgonjwa."

Ndivyo alivyomjua Kefa. Kumbe safari yao ilikuwa moja: kituo cha Mandewa, wanakosoma watu wazima wanaorudia kidato cha sita. Yunisi alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mtihani ulishamwangusha, na baba yake kule Iguguno alishasema: safari hii ukishindwa, urudi kwenye alizeti, masomo basi.

Kompyuta za kituo zilikuwa chache, wakaketi wawili wawili. Yao ilipata joto mpaka jirani akawa anakuja kuchemshia chai juu yake. Mapenzi nayo yakaivia hapo hapo.

"Malkia, umesahau kufunga mabano."

"Nilikuwa nakupima kama uko macho."

"Niko macho tangu ule mtandio."

Yunisi aliandika programu ya kumwambia mkulima alizeti yake itatoa mafuta kiasi gani. Huo ndio mradi wake. Bila mradi kupita, hafanyi mtihani. Kompyuta za kituo zilifutwa kila Ijumaa, kwa hiyo kazi yote aliiweka kwenye flashi nyekundu, akaivaa shingoni kama hirizi.

Siku moja kabla ya kukabidhi, flashi ikafunguka tupu.

"Virusi tu hivyo, mpenzi," Kefa akamwambia. "Vimeficha mafaili. Niachie nisafishe."

Jioni akairudisha.

"Imepona?"

"Imepona. Ikabidhi hivyo hivyo, usiifungue, virusi visirudi."

Kefa akageuka kufunga dirisha. Yunisi akadhani ni upepo.

Tangu hapo Kefa hakuonekana, na simu yake ikawa na wimbo mmoja: namba unayopiga haipatikani.

"Amepata mwingine huyo," rafiki yake Jesca akamwambia. "Hata mradi hakukabidhi!"

Yunisi alilia mpaka mto ukaanikwa juani kama mahindi. Kisha mwalimu Sostenes akamwita.

"Eleza mstari huu."

Kwenye skrini, chini ya jina la Yunisi, kulikuwa na programu ya kuhesabu ng'ombe wa mnadani. Kila kigeu cha kutunzia namba kilipewa jina la chakula: ugali, mlenda, maziwa. Duniani ni mtu mmoja tu anayeandika hivyo. "Basi yangu ilifutika, mwalimu," Yunisi akasema.

"Ungekuja kuniambia ya kwako imefutika, ningekuongezea wiki," mwalimu akasema kwa huzuni. "Hii si kazi yako, binti. Siwezi kuipitisha."

Habari zikamfikia Kefa alikojificha, akamkuta Yunisi stendi, begi miguuni, mtandio umefungwa kwa nguvu kichwani.

"Nilipokuwa nasafisha virusi niliifuta kazi yako kwa haraka zangu, Yunisi. Nikakupa ya kwangu. Nilitaka nikose mimi."

"Nani alikuomba? Ungesema umeifuta, ningelia, ningekutukana, halafu tungeongozana kwa mwalimu. Umenipa kila kitu, Kefa, ukaninyima neno hilo moja."

Kefa akapiga magoti kwenye vumbi. "Twende wote kwa mzee wako. Nitajieleza. Nitakuoa."

Wapiga debe wote wakanyamaza, jambo ambalo hata waliozaliwa stendi hawajawahi kulisikia.

Yunisi alitamani kumshika kichwa. Badala yake akasema, "Inuka, unachafua suruali," akapanda basi.

Simu ikaita njiani. Aliiacha iite mpaka alizeti za Iguguno zikaonekana dirishani, zimeinamisha vichwa. Ndipo akapokea.

"Malkia, umefika?"

"Kefa, uliposema imepona, ulikuwa unanitazama machoni?"

"Hapana."

"Basi hilo neno moja la kweli nimelisikia kwako," Yunisi akasema, akaizima simu, akaanza kutafuta maneno ya kumwambia baba yake.