Chumba cha Gaëlle

Jumamosi asubuhi, nyumba ya Papa Gaston pale Observatory, mtaa wa kilimani huku ugenini, ilikuwa na amani. Gaston, fundi cherehani aliyetoka Uvira, alikuwa akishona sare za shule sebuleni, karibu na dirisha. Mkewe Marthe alikuwa chumba cha pili, akitandika kitanda ambacho hakijawahi kulaliwa na mtu.

Kitanda kilikuwa cha Gaëlle, binti yao. Walimwacha kwa bibi yake kule Uvira akiwa na miaka saba, wakasema ni kwa muda mfupi tu. Sasa alikuwa na kumi na mitano. Kila wiki Marthe alibadilisha mashuka, na Gaston alipolalamika kwamba sabuni inaishia kumfulia mtu asiyekuwepo, yeye aliendelea kuchomeka shuka. Wenzangu, msimcheke. Mama anayemngoja mtoto ana namna yake ya kungoja.

Mara mbili Gaston alimwomba mkewe ahamishie kazi yake chumbani humo, maana wateja walikuwa wakiwakuta mezani wanakula. Marthe alikataa. Mtoto akifika atalala wapi, juu ya vitambaa?

Ndipo akaja Ruphin. Huyu alisali nao kanisa moja, na msimu wa kodi aliwajazia watu fomu kwenye simu yake. Mwaka ule Gaston alikuwa ameilipa serikali kodi ya mapato kwa awamu mbili, na Ruphin akamweleza kwamba anayefanyia kazi nyumbani anaweza kupunguziwa kwa sababu ya pango na umeme. Hilo ni kweli, ndugu zangu. Ila sheria inataka chumba kiwe cha kazi tu, kisilaliwe wala chakula kisiliwe ndani yake, na mtu adai sehemu ya chumba hicho, si nyumba nzima. Sebule ya Gaston haikufaa, maana ndimo walimokula.

"Basi tuandike chumba cha pili ndiyo karakana," Ruphin akasema. "Na umeme tuweke wote. Nani atapanda kilima chote hiki kuja kuhesabu vitanda?"

"Hicho ni chumba cha mwanangu," Marthe akasema.

Gaston hakumtazama. "Ni kwa ajili yake, Mama Gaëlle. Pesa itakayorudi tukiiongeza kwenye akiba yetu ya nauli yake, Desemba mtoto yuko hapa."

Desemba. Neno hilo lilimfunga Marthe mdomo. Moyoni alikuwa ameshauona mguu wa binti yake kizingitini. Akaondoka kwenda kuchemsha chai, na fomu ikatumwa.

Haukupita mwezi, ofisi ya kodi ikaandika kutaka vipimo vya nyumba, karatasi za umeme na picha za karakana. Gaston akakisimamisha kitanda uani, akaingiza cherehani chumbani, akapiga picha tatu. Kabla jua halijatua, Marthe alikuwa ameirudisha cherehani sebuleni na kitanda mahali pake. Alimwomba Mungu msamaha huku akichomeka shuka, lakini kitanda hakukiacha nje.

Wiki mbili baadaye afisa wa kodi, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alibisha hodi akaomba ruhusa aione karakana. Alimkuta Gaston sebuleni, mguu ungali juu ya kanyagio la cherehani. Afisa akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha pili. Akautazama mto wa maua, na gauni lililotundikwa ukutani likiwa bado na kikaratasi cha dukani.

"Nani analala hapa?" akauliza.

Gaston alianza kusema kuna mgeni. Marthe akamwekea mkono begani.

"Binti yangu," akasema. "Bado hajafika."

Afisa akaandika. Dai lote likakataliwa, na faini ikawekwa juu yake. Akiba ya safari ikaishia humo. Ruphin alipopigiwa simu aliguna, eish, Papa Gaston, jina lililo kwenye fomu ni lako. Na hapo hakudanganya.

Jumapili Gaëlle alipiga simu.

"Mama, ni Desemba kweli?"

"Si Desemba hii, mwanangu."

"Sawa, mama. Bibi alishaniambia nisianze kufunga mizigo."

Tangu siku ile Gaëlle hupiga simu, husalimia, huuliza habari za kanisa. Atakuja lini, haulizi tena. Na Marthe, kila simu inapolia, hulingojea swali lile.

Funzo tunalopata hapa

Ndugu zangu, kudai haki yako si dhambi. Kama una chumba cha kazi, kipime, tunza karatasi zako za umeme, udai kilicho chako. Lakini usikubali fomu yako ibebe neno ambalo huwezi kulisema mbele ya mtu aliyesimama mlangoni kwako, hata kama anayekujazia mnashika Biblia pamoja. Na sisi akina mama tuwe macho. Hamu ya mtoto ni kitu kitakatifu, ila inaweza kutunyamazisha pale tulipopaswa kusema. Marthe alisema kweli mbele ya afisa. Angeishikilia siku ile mbele ya Ruphin, safari ingechelewa, lakini ingekuwepo.