Mto wa Bibi Unaishia Wapi?

Asubuhi moja ya likizo, Sechelela aliketi mbele kabisa ndani ya boti. Alivaa jaketi la kuelea la rangi ya chungwa, lililomfika mpaka masikioni.

Sechelela alitoka mbali, Dodoma, kwenye ardhi kavu yenye mbuzi wengi. Alikuja kumtembelea Shangazi Damari, mwalimu wa shule iliyo karibu na mto Rufiji.

Nyumbani kwao Sechelela nako kuna mto. Lakini karibu mwaka mzima mto huo ni mchanga mtupu, na mbuzi wanaukatiza bila kulowesha kwato.

Mvua zikinyesha, mto unaamka. Unakuja mbio, shwaaa, una rangi ya chai, unapita, unakwenda zake.

Kila mwaka Bibi husimama ukingoni na kuuliza unakwenda wapi. Kila mwaka hakuna anayejua.

Shangazi Damari alijua. Alimweleza Bibi kwamba maji yale yanaingia mto mwingine, na mwingine tena, mpaka mto Rufiji, na Rufiji unaingia baharini.

Bibi alifikiri sana. Kisha alimwambia Sechelela, "Wewe una macho mazuri. Nenda ukanitazamie mto wetu unaishia wapi. Jioni unipigie simu uniambie."

Ndiyo maana Sechelela aliketi mbele kabisa. Alikuwa na kazi.

Tuku-tuku-tuku, mashine ya boti ikaanza kunguruma.

Aliyeiendesha aliitwa Kaka Shamte. Kila siku aliwatembeza wageni kwa boti, akiwaonyesha delta.

Kaka Shamte alisema delta ni pale mto mkubwa unapojigawa, kama mkono unavyojigawa vidole. Kila kidole kinaelekea baharini.

Punde boti ikafika mahali maji yalipogawanyika. Njia moja ilikwenda kushoto, nyingine kulia, na nyingine nyembamba ikajificha katikati ya miti.

"Kaka Shamte, mto ni upi?" Sechelela aliuliza.

"Huu."

"Na ule?"

"Na ule pia."

"Na ule mdogo?"

"Ndiyo huo huo."

Akatazama huku. Akatazama kule. Sechelela hakuelewa.

Tuku-tuku-tuku, boti ikaenda.

Pande zote mbili ilisimama mikoko. Mikoko ni miti, lakini mizizi yake ilikuwa nje, mirefu na iliyopinda, kama miguu ya watu wanaovuka maji wakiwa wamekunja nguo.

Sechelela aliuliza miti ile inakwenda wapi. Kaka Shamte akasema haiendi popote, imesimama tu.

Chup, chup, chup. Kitu kidogo kiliruka kwenye tope.

Kilikuwa na macho ya chura. Kilikuwa na mapezi ya samaki. Kilitembea juu ya tope kama mtu anayechelewa shule.

Kaka Shamte alisema ni samaki, na samaki huyo anapenda kutoka nje. Maji akiyachoka anapanda tope, na tope akilichoka anarudi majini.

Akatazama huku. Akatazama kule. Sechelela hakuelewa.

Shangazi Damari alimnong'oneza kwamba hata yeye, alipofika hapa mara ya kwanza, alikuwa hivyo hivyo. Mpaka leo kuna siku anakuwa hivyo hivyo.

Sechelela alichota maji kwa kiganja, akayaonja kwa ncha ya ulimi. Hayakuwa na chumvi hata kidogo.

Basi bahari bado iko mbali, akafikiri. Twende tu.

Mbele yao ikatokea nyumba iliyosimama juu ya nguzo ndefu. Ngazi yake ilishuka mpaka ndani ya maji.

Hapo aliishi mama yake Kaka Shamte. Kaka Shamte alisema watakula hapo kwanza, halafu wataondoka kwenda kuona bahari.

Maji yalikuwa yamejaa juu kabisa, yanagusa vipago vya juu vya ngazi. Boti ikasimama karibu na mlango, kana kwamba nayo imekuja kula.

Kaka Shamte alibeba nazi, alibeba mchele, na mikono yake ikajaa. Akampa Sechelela kamba, akamwomba aifunge boti kwenye nguzo.

Sechelela alifurahi. Kufunga alikuwa anakujua vizuri sana.

Kwao, kila jioni, yeye ndiye anayefunga mbuzi. Na mbuzi hufungwa kwa kamba fupi, maana akiachiwa kamba ndefu atafika shambani na kula mtama wote.

Kwa hiyo aliizungusha kamba mara nyingi, akaivuta kwa nguvu, akafunga fundo gumu. Boti ikabana kabisa na nguzo, pua kwa nguzo.

"Tulia hapo," Sechelela aliiambia. "Usiende kula vya watu."

Boti ikatulia.

Ndani, Mama Shamte aliwakaribisha. Sechelela alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, akamwita mgeni wa nchi kavu, akamkalisha kwenye mkeka.

Mama Shamte hakuwa na haraka. Alikuna nazi, kru-kru-kru, akapika wali, akakaanga samaki, na akazungumza na Shangazi habari za watoto wanaokataa shule.

Wakala. Wakanawa. Wakanywa chai.

Nje kitu kikalia. Ngiii.

Wote wakatega sikio.

Ngiii. Ngiiii.

Sechelela alikimbia mlangoni, na alichokiona hakukiamini.

Maji hayakuwapo. Ngazi ilikuwa ndefu, ndefu, na chini yake kulikuwa na tope tupu linalong'aa.

Na boti ilikuwa inaning'inia. Pua yake ilikuwa juu, imefungwa kwenye nguzo, na mkia wake ulikuwa chini, umegusa tope.

Ilionekana hasa kama mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma anayetaka majani.

Akatazama huku. Akatazama kule. Sechelela hakuelewa.

Nani aliyechukua maji?

Kaka Shamte alikuja, akashika kiuno. Mama yake naye akachungulia nyuma yake.

"Nahodha mzima," Mama Shamte akasema, "na boti yako umeianika kama nguo."

Kaka Shamte alieleza taratibu. Hapa maji hayakai mahali pamoja. Yanajaa, halafu yanakupwa, kila siku, na kila siku tena.

Kwa hiyo boti hufungwa kwa kamba ndefu. Maji yakishuka, nayo inashuka. Maji yakienda katikati, nayo inayafuata katikati.

Sechelela alitazama kamba yake fupi. Alitazama fundo lake gumu. Macho yake yakajaa machozi.

Alisema kwa sauti ndogo kwamba kwao, mbuzi hufungwa hivyo.

Kaka Shamte alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa Sechelela. "Kosa ni langu," akasema. "Nilikupa kamba, sikukuuliza kwenu mnafunga nini."

Kisha yeye na Shangazi wakashuka kwenye tope. Wakaisukuma boti juu kidogo, wakalegeza fundo, wakaishusha polepole.

Pwaa! Boti ikakaa juu ya tope. Haikupasuka popote.

Lakini maji yalikuwa mbali, mkanda mwembamba tu katikati. Boti ilikuwa nzito, na tope lilikuwa linashika miguu.

"Sasa tutakwendaje baharini?" Sechelela akauliza.

Kaka Shamte alitazama jua. Akasema watasubiri maji yarudi. Na yakirudi itakuwa jioni, wakati wa kwenda nyumbani.

Leo hawataiona bahari.

Sechelela aliketi kwenye ngazi, kipago cha chini kabisa. Hakutaka chai. Hakutaka mkate.

Bibi angekuwa amekaa na simu mapajani. Angeuliza, mto wetu unaishia wapi? Na yeye angejibu nini? Unaishia kwenye tope?

Shangazi alikuja akaketi kipago cha juu yake. Aliweka tu mkono wake juu ya kichwa cha Sechelela, ukakaa hapo.

Kaa wadogo walitoka kwenye mashimo. Chup, chup, chup, samaki wa nchi kavu akapita na shughuli zake.

Jua likasogea. Kivuli cha nyumba kikasogea.

Katikati ya mkondo mwembamba, jani moja lilikuwa likielea. Lilikuwa linakwenda upande wa bahari, polepole, polepole zaidi.

Kisha likasimama.

Sechelela aliinuka. Jani halikwenda huku wala kule. Mto mzima ulikuwa umenyamaza, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Halafu jani likaanza kurudi.

Lilirudi lilikotoka. Likapita mbele ya ngazi, likielekea kule, juu, upande wa Dodoma.

Akatazama huku. Akatazama kule. Sechelela hakuelewa kabisa, kabisa.

"Shangazi," akasema, "mto umekosea njia."

Shwaa, shwaa. Maji yakapanua mkanda wake. Yakafunika mashimo ya kaa. Yakafika kwenye mizizi ya mikoko, yakafika kwenye ngazi, yakamlamba Sechelela vidole vya miguu.

Aliinama, akachota kwa kiganja, akaonja.

Chumvi.

Akaonja tena. Chumvi kweli, mpaka akakunja uso.

Kaka Shamte alikuwa amesimama kwenye tope karibu na boti, maji yakimfika magotini. Sechelela alimwita, akamwambia maji yameharibika.

"Hayajaharibika," Kaka Shamte akasema. "Hiyo ni bahari. Tumeshindwa kwenda kwake, imekuja yenyewe."

Sechelela alitazama miguu yake. Bahari ilikuwa inaigusa, ya uvuguvugu, ya rangi ya kijivu, na haikuonekana kubwa hata kidogo.

"Na maji yetu? Ya kwa Bibi?"

"Yamo humo humo."

"Yepi?"

Kaka Shamte alitazama maji kwa muda mrefu. Akasema hajui. Amezaliwa hapa, ameendesha boti miaka mingi, na kuyatenganisha hajaweza.

Sechelela alitumbukiza mikono yote miwili. Huenda haya. Huenda yale.

Akayasalimia yote.

Kisha boti ikatikisika. Ikajinyanyua upande mmoja, ikajinyanyua upande wa pili. Ikaelea.

Safari hii Kaka Shamte hakumwomba afunge boti. Alimpa Sechelela kamba aishike mpaka watu wote wapande. Sechelela akailegeza kidogo, na boti ikasogea. Akailegeza tena, nayo ikasogea tena.

Mama Shamte aliwapungia mkono kutoka mlangoni, akamwambia mgeni wa nchi kavu arudi tena, na mbuzi wake.

Tuku-tuku-tuku, wakarudi nyumbani. Mto nao ulikuwa unakwenda upande huo huo, ukiwasukuma kwa nyuma.

Jioni, Sechelela alioga, akapanda kitandani. Shangazi akapiga simu, akamwekea sikioni.

Bibi alipokea haraka sana. Alitaka kujua yote.

Sechelela akamwambia habari za miti yenye miguu na samaki anayetembea. Akamwambia habari za boti iliyofungwa kama mbuzi, na hapo Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Kisha Bibi akauliza lile swali. "Kwa hiyo, mjukuu wangu, mto wetu unaishia wapi?"

Sechelela alivuta pumzi.

"Bibi, sikuona unapoishia. Maji yetu yanakwenda mpaka baharini, halafu bahari inayarudisha, halafu yanakwenda tena. Yamechanganyika na ya wengine. Mimi nimeyashika."

"Sijaelewa vizuri," Bibi akasema.

"Hata mimi, Bibi."

Bibi akacheka tena, safari hii polepole. Akasema mvua zikija watasimama ukingoni pamoja, waushangae mto huo wakiwa wawili, maana miaka yote hiyo amekuwa akiushangaa peke yake.

Wakatakiana usiku mwema. Shangazi Damari akazima taa, akaacha dirisha wazi kidogo.

Shwaa, shwaa. Huko nje maji yalikuwa yanakwenda. Au labda yalikuwa yanarudi.

Sechelela hakutazama huku. Hakutazama kule.

Alifumba macho, akalala.