Isale Kwenye Spoku

Spoku zote zililia ting, ila moja ilikohoa.

Wilson akaigonga tena kwa mpini wa bisibisi. Ikakohoa tena, kikohozi kidogo cha mgeni aliyekaa sebuleni muda mrefu bila kukaribishwa. Fundi mwingine angetupa bisibisi akakimbilia stendi. Lakini Wilson hakuwa fundi mwingine. Pasua nzima, na Moshi yote ukitaka ubishi, hakuna aliyejua kunyoosha ringi ya gurudumu kwa sikio kama yeye. Wenzake hupima kwa macho. Yeye alifumba macho, akagonga spoku moja moja, akajua ipi imelegea na ipi imekazwa mno, kama mwalimu wa kwaya anavyomjua mwimbaji anayechezesha midomo tu. Watu walisema Wilson akisikia bodaboda inapita barabarani anakwambia dereva amekula nini. Hapo waliongeza chumvi kidogo.

"Ni kutu," alimwambia mkewe.

Elifuraha alikuwa anakoroga mtori wa ndizi kwenye kibanda chake kilichoegemea karakana. Hakugeuka. "Kutu kwenye spoku mpya, Baba Kindness?"

Magurudumu yale yaliletwa na Jackson, kijana wa Machame anayepandisha wageni mlimani. Pikipiki ya marehemu babu yake, ya Kiingereza, ya enzi kahawa ilipokuwa kahawa, ilikuwa imelala bandani kwa ng'ombe tangu Jackson hajazaliwa. Alitaka ampeleke nayo dada yake kanisani siku ya harusi. Akaleta magurudumu kwanza. Na kwenye lile la nyuma, katikati ya spoku zilizoliwa na kutu, kulikuwa na majani makavu yamepigwa fundo.

"Hilo ni isale," Elifuraha alisema siku ile, mwiko ukiwa hewani. "Usilikate. Mtu aliomba radhi hapo, akakubaliwa."

Alijua anachosema. Kule mlimani, mtu akija na jani la isale mkononi, hata kama amekuulia ng'ombe, unalipokea na kesi inaisha. Wilson naye alijua. Alizaliwa Machame, si Ulaya. Lakini Jackson alikuwa amesimama pale, na mbele ya mteja Wilson huwa mrefu kuliko alivyo.

"Tairi nalo siku hizi linaombwa radhi? Mimi nina kipaimara, mama. Hayo tuliwaachia mababu."

Akalikata fundo kwa koleo, akalitupa kwenye jiko la mkaa. Moshi wake ukanuka maganda ya kahawa yaliyochacha, halafu ukanuka koti la mtu aliyenyeshewa. Pasua hakuna kahawa, na mvua ilikuwa haijaonekana siku nyingi. Jackson aliaga haraka.

Sasa hii spoku, mojawapo ya mpya alizofunga badala ya zile zenye kutu. Wilson aliikaza mpaka ikaacha kukohoa, akalizungusha gurudumu, likaenda sawa kama maji kwenye mfereji. Asubuhi alikuta limepinda upande mmoja, kama lililokaliwa na mtu mzito. Akalinyoosha. Kulipokucha tena limepinda palepale. Akalinyoosha tena, safari hii kwa hasira, kwa sababu majirani walishaanza kuchungulia na yeye hakuwahi kushindwa na ringi.

Jumapili, kengele ya kanisa haikulia. Wilson aliona watu wanaingia, akadhani imeharibika. Kesho yake bodaboda zilipita mbele ya karakana bila mlio, kama zinasukumwa. Kadiri alivyozikaza spoku, ndivyo dunia ilivyomlegea sikioni. Mtori ulichemka kimya. Hakumwambia mtu; fundi wa sikio atasemaje sikio limekufa?

Mpaka siku moja, jua likiwa utosini, Elifuraha akasimama mbele yake na mdomo wake ukawa unafunguka na kufungika na hakuna kilichotoka, na nyuma ya bega lake gurudumu likaanza kuzunguka lenyewe kwenye stendi yake ya kunyooshea, taratibu, kinyumenyume, hakuna upepo, hakuna mkono, na harufu ya lile koti lililolowa ikajaa karakana mpaka kooni, na katika ukimya ule uliokuwa umemeza mji mzima Wilson akasikia sauti moja tu, karibu sana, kama mtu anayemnong'oneza kisogoni.

"Nipakie."

Elifuraha alimwona mumewe anavyoziba masikio. Akalikumbuka lile isale. Alikodi pikapu, akapakia gurudumu, akampakia na mume, wakapanda Machame kwa Bibi Eliaichi, nyanya yake Jackson, mjane wa mwenye pikipiki. Yaliyosemwa pale Wilson hakuyasikia. Alikuja kusimuliwa na mkewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bibi alilitazama gurudumu, akashusha sauti. "Hilo jini lilimwomba mume wangu lifti darajani, mvua inamwagika. Akalitukana, akaongeza mwendo. Likapanda hivyohivyo. Akawa hasikii kitu ila hilo. Akaliomba radhi kwa isale, likakubali kukaa gurudumuni. Nani amelikata?"

Elifuraha alimsonta mumewe kwa mdomo.

"Basi mdomo uliodharau ndio uombe. Mke haombi kwa niaba."

Bibi akakata jani bichi la isale mpakani mwa kihamba, shamba lao la urithi, akamwekea Wilson mkononi. Elifuraha akamwonyesha kwa midomo, polepole: na-o-mba ra-dhi. Mtu yule hajawahi kumwomba mtu radhi. Hata alipomkanyagia mchungaji mguu, alisema mguu ndio uliokaa vibaya. Akapiga magoti chini ya migomba, akalitazama gurudumu, akasema. Alihisi maneno yakitoka, mazito, ila hakuyasikia.

Bibi akalifunga isale kwenye spoku. Gurudumu likatulia.

Kwanza alisikia ng'ombe anacheua. Halafu mfereji, halafu majani ya migomba. Wilson akacheka huku machozi yanamtoka. "Nasikia. Mama Kindness, niite nikusikie."

Elifuraha hakumwita. Bibi Eliaichi alikuwa ameshaingia ndani na kushusha komeo.

Pikapu ilikuwa imesharudi; waliteremka kwa miguu kuelekea barabarani, mke mbele.

"Sasa umenuna nini? Si nimeomba radhi?"

"Hukuomba."

"Nilisema nini?"

Akaongeza mwendo. "Ulisema, 'Panda, twende.'"

Gurudumu liko Machame mpaka leo, limenyooka, halijapinda tena. Dada yake Jackson alikwenda kanisani kwa gari la kukodi. Na Wilson yupo palepale Pasua, sikio kali kuliko zamani, wateja tele. Ila akitembea anainama, anahema kama mbeba gunia, na Elifuraha hakubali tena kutembea nyuma yake. Kwa hiyo mpelekee gurudumu lako, atalinyoosha vizuri. Ukisikia kikohozi naye mdomo ameufumba, usiulize. Na jioni, akikuomba umsogeze kidogo tu hadi stendi, mwambie pikipiki haina mafuta. Usimpakie.