Duara la Buluu Chini ya Kibati

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya shayiri nilipovuka uwanja kwenda bandani, nimeshika ribiti mbili, vile vipini vya kubania bati, ndani ya karatasi. Kazi ya dakika kumi tu. Kesho yake waamuzi wa maonyesho ya magari ya kale, hapa mjini kwetu Freeling, wangelikagua gari la Holden la kijani la marehemu mume wangu, Ewald. Alipokuwa katika kitanda cha mauti alinizawadia gari lile, akaniomba, nami nikamwahidi kwamba nitalirudisha kama lilivyotoka kiwandani mwaka 1963. Kila skrubu. Kila alama.

"Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia." Andiko hilo nimelisoma kanisani mara nyingi, na kwa miaka miwili nililiishi kwa mafuta na msasa.

Lilibaki dogo moja. Kibati cha namba, kinachotaja gari na rangi yake ya kwanza, kilikuwa kimefungwa kwa ribiti za vichwa vya mviringo. Za kiwandani zilikuwa bapa. Mwamuzi angeliona hilo kabla hajavua kofia.

Colin Heinjus, rafiki wa Ewald tangu ujana, ndiye aliyelikwangua gari na kulipaka rangi kwa mikono yake. Alinikataza mara tatu.

"Kibati hakiguswi, shemeji. Umesoma Biblia mpaka sasa unaona dhambi kwenye ribiti!"

Alicheka, nami nikacheka.

Nikawasha taa ya banda.

Harufu… Nta. Kama mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Kando ya kibati palikuwa na duara dogo la chaki ya nta ya buluu. Nilikuwa nimelifuta asubuhi. Na juzi. Nilidhani ni uchafu.

"Hilo halitoki, mama."

Mzee mmoja alisimama upande wa pili wa injini. Koti la kijivu la kiwandani. Chaki ya buluu nyuma ya sikio.

"Wewe ni nani?" nilinong'ona.

"Mkaguzi. Nikitia duara, gari halitoki mpaka lisahihishwe."

"Kosa lake nini?"

"Hili lilikuwa jeupe."

"Umekosea, mzee. Soma kibati."

"Kibati kinasema uongo. Toboa."

Taa ikafifia… ikawaka tena.

Hakuwapo. Juu ya vumbi la sakafu palikuwa na nyayo zangu peke yake.

Nikatoboa. Ribiti zote mbili, kwa drili. Kibati kikaanguka. Chini yake, mahali padogo ambapo mpakaji rangi hakuwahi kupafikia…

Peupe.

Hapana mtu wa Freeling asiyejua maana ya gari jeupe. Katika baridi ya mwaka 1971 gari jeupe lilimgonga Trudi Zwar, mtoto wa miaka tisa, likamwacha mtaroni. Lilitafutwa, halikuonekana. Ewald alibeba jeneza lile dogo begani mwake. Nami kwa miaka arobaini nimekaa benchi moja na Irma, mama yake Trudi, tukishika kitabu kimoja cha nyimbo.

"Nilikwambia usikiguse."

Colin alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia drili.

"Nani aliendesha, Colin?"

Alikitazama kibati sakafuni.

"Nani!"

"Ewald. Ndiyo kwanza alikuwa analileta nyumbani, hujaliona; tukalipaka kijani usiku uleule. Kibati kilitoka kwenye mkweche wangu wa kijani. Ulikuwa na mimba, Hulda. Tulikufanyia wewe."

"Usinitwike mimi! Daudi naye alificha damu ya Uria, na Bwana akaona."

"Irma ana moyo mgonjwa. Unataka kumzika mtoto wake mara ya pili?"

"Hakumzika hata mara ya kwanza. Kila Jumapili anauliza nani."

Colin alilia, mzee wa watu. Nilimwonea huruma, maana dhambi ilikuwa imemla mpaka mifupa. Lakini hata huruma haina ruhusa ya kufunika damu. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo lililonichoma kuliko yote. Ewald alinijua. Alijua kwamba nisingeacha ribiti mbili zikae vibaya. Hakuwa na ujasiri wa kuungama, akaniachia mimi toba yake, akaiita zawadi.

Nilikivingirisha kibati katika kitambaa, nikaenda kwa miguu hadi kwa Irma. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Mzee huyo… chaki aliiweka sikio gani?"

"La kushoto."

Akafumba macho. "Baba yangu. Alikagua magari ya Holden kiwandani, kule Woodville. Alikufa kabla Trudi hajazaliwa."

Gari halikwenda kwenye maonyesho. Polisi walilichukua, na Colin aliwafuata kwa hiari yake. Duara la kando ya kibati halikurudi tena.

Lakini Jumapili nilikwenda makaburini. Jiwe letu lina majina mawili, kama desturi ya hapa: la Ewald, na langu linalongoja tarehe. Juu ya jina lake palikuwa na duara la buluu. Nimelisugua kwa maji, kwa sabuni, kwa mafuta ya taa.

Halitoki.

Na tangu nianze kulisugua, juu ya jina langu… mstari mfupi wa buluu, umeanza kupinda kuwa duara.