Mwashi Aliyelifunga Birika

Garimoshi la Mombasa lilipoingia Voi, stesheni nzima ilichafuka. Makuli waligombania mizigo, wachuuzi wakakimbilia madirishani, moshi ukawaingia wote machoni. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Wazungu. Wakesho, mjane kutoka mlima wa Sagalla, aliyejifunga kaniki na shanga nyekundu shingoni, alipigwa kikumbo. Mkungu wake ukaanguka, ndizi zikatawanyika miguuni mwa kijana mwenye kanzu nyeupe.

"Niwie radhi, bibie. Macho yangu leo yako kisogoni."

"Macho hayana kosa. Ni hayo mabega."

Kijana alicheka, akainama kuokota. Aliitwa Miraj, mwashi. "Nimeitwa na Mzungu wa shamba la mkonge, nikalifunge birika lake la kuogelea."

"Linafungwa? Kama mlango?"

"Kipupwe kikiingia haogelei. Hutaka lisuguliwe, lizibwe nyufa, lifunikwe mpaka joto lirudi."

"Sisi maji ya kunywa tunayafuata mbali, na mwenzetu anayafunika yapumzike!"

Wakesho alishtuka kusikia kicheko chake mwenyewe. Mumewe, Mwakio, alichukuliwa kuwa mpagazi wa vita, akafia kwenye mapigano ya Salaita. Haukuja mwili, haikuja hata nguo. Priscilla, mama mkwe wake, hakulia. Alisema tu, "Hajarudi bado," na tangu siku hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili waliokula kimya na kulala kimya.

Baadaye wanawake wa Sagalla waliitwa kulipunguza birika maji kwa madebe. Ujira wao ulikuwa maji yenyewe, ya kufulia na kunyweshea mbuzi. Miraj alikuwa chini, suruali ameikunja magotini, akisugua ukungu kwa chokaa na brashi ya mkonge.

"Wakesho, teka polepole. Maji yakiisha, utakuja kwa sababu gani?"

"Nitakuja kukuona ukiteleza."

"Basi nitateleza kila siku, moyo wangu."

"Moyo wako uko Mombasa kwa mkeo."

"Mke sina. Nina mjomba tu, Hashil, mwenye duka pale Voi. Nawe, baba yako ni nani huko mlimani?"

Akamwambia. Jioni hiyo alipanda mlima na debe kichwani asihisi uzito wake.

Lakini siku chache baadaye alimkuta Miraj akiziba nyufa, uso ameugeuzia ukuta.

"Leo hutelezi?"

"Teka maji, dada," alijibu bila kuinua macho.

Dada! Neno hilo lilimchoma kuliko kofi. Alijaza debe, akaondoka. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na ya pili yake. Maji yakaisha, na sababu ya kwenda ikaisha pamoja nayo. Wakesho alirudi kwenye meko, mbele ya mama mkwe asiyesema. Ukungu ulikuwa ukishuka mlimani mapema, naye akauona kama ni wake peke yake.

Habari zilipomfikia kwamba mwashi amemaliza na kesho anapanda garimoshi, alivumilia mpaka akashindwa. Akashuka. Alimkuta akitandika mbao juu ya birika, magunia yakingoja kando.

"Umelirudishia maji?"

"Nusu. Likikaa kavu, jua litalipasua."

"Kumbe unajua kwamba kitu kikiachwa kikavu hupasuka. Na mimi je?"

Miraj alitua ubao. "Wewe ndiye uliyenyamaza! Mjomba Hashil alipeleka posa kwa baba yako. Kwetu mtu akishaposa hacheki na mwanamke hadharani mpaka ajibiwe, watu wasije wakamvunjia heshima. Nimengoja jibu mpaka nimekonda."

"Mlipeleka kwa baba yangu?"

"Kwa nani tena? Mjane hurudi kwao."

Wakesho aliketi juu ya mbao, akacheka huku machozi yakimtoka. "Huko kwenu pwani. Mlimani mke ni wa nyumba aliyoolewa, hata mume akifa. Baba alikula ng'ombe wa mahari wa kina Mwakio zamani, atanijibiaje? Ameona aibu, ameyaatamia maneno yenu kama kuku aliyelalia jiwe. Mwenye jibu ni Priscilla."

"Basi mjomba atapanda tena."

"Asipande mjomba. Panda wewe, mpenzi."

"Atakubali?"

"Sijui. Akinitoa, amekiri kwamba mwanawe amekufa."

Miraj hakupanda garimoshi. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akaukwea mlima wa Sagalla kwa miguu. Priscilla alikuwa uani akipukuchua kunde. Wakesho alisimama mlangoni.

"Mama, nilibisha mlango usio wangu," Miraj alisema. "Nimekuja kwako. Namwomba Wakesho."

"Nyumba hii ina mwenyewe."

"Najua, mama."

Kunde ziliendelea kudondoka ungoni. "Utampeleka Mombasa?"

"Hapana. Voi kuna kazi ya kutosha. Atapanda kukuona, nami nitapanda naye."

"Una mama?"

"Nilimzika mwaka wa tauni."

"Ulimzika," Priscilla alirudia taratibu, kana kwamba anaonja neno geni. Aliweka ungo chini. "Wakesho, mletee mgeni kiti. Kile cha mume wako. Mwenyewe hatakikalia tena."

Wakesho alikileta. Miraj hakukaa, alisimama kando ya kiti ameinamisha kichwa. Ndipo Priscilla akashika mkono wa Wakesho, akafungua kinywa, akatoa kilio ambacho mlima ule haukuwa umekisikia miaka yote hiyo. Wakesho alimkumbatia, akalia naye. Majirani walikuja mbio kutoka mashambani, majembe mikononi, wakiuliza ni nani aliyekufa.

"Mwanangu," alisema Priscilla. "Mwanangu Mwakio amekufa."